Funguo za Mita Zikae kwa Nani?

FUNDI WA MTANDAO: Mita zetu za maji ziko Kihunguro, Membley, Kimbo, Makongeni na Ngoingwa. Malango yanayozisikiliza, vile visanduku vyenye antena, yako juu ya mapaa ya mitaa hiyo hiyo. Mpangaji analipia akiwa hapa, kwa M-Pesa. Lakini akishatuma shilingi mia mbili, amri ya kufungua valvu yake inatoka kwenye kompyuta ya kukodi huko Ulaya, chini ya kampuni isiyojua Ruiru iko upande gani wa Thika. Napendekeza tuhamishe usimamizi wa vifaa vyote, mita za ploti, vihisi vya matangi na vile vya shambani, tuviweke kwenye seva yetu hapa Ruiru. Programu ipo. ChirpStack ni programu huria, haina ada ya leseni, na inaongea LoRaWAN, lugha ileile ya redio ambayo mita zetu zinaongea sasa. Hata mashine haihitaji kuwa kubwa, maana ujumbe wa mita ni baiti chache tu.

MSIMAMIZI WA MITA: Umbali unakukera, lakini kwa mita umbali si kitu. Ujumbe kwenda Ulaya na kurudi huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Mita ikishatuma yake, hungoja sekunde moja, au tano kama tumeipanga hivyo, ndipo ifungue sikio. Muda unatosha na kubaki. Nionyeshe siku moja ambayo maji ya mtu yalichelewa kwa sababu Ulaya ni mbali.

FUNDI WA MTANDAO: Tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya nzima intaneti ikawa ya kusukumwa. Maji yalikuwepo kwenye tangi, stima ilikuwepo, M-Pesa ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia yule wa Ulaya tumwombe ruhusa ya kufungua bomba la Kimbo.

MSIMAMIZI WA MITA: Waya wa bahari hukatika mara moja baada ya muda mrefu, na ukikatika kuna mingine. TEAMS ya Mombasa hadi Fujairah iko tangu 2009. Sasa niambie wewe stima ya Ruiru hukatika mara ngapi.

FUNDI WA MTANDAO: Tutanunua betri.

MSIMAMIZI WA MITA: Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, na bado abiria walikaa gizani, kwa sababu jenereta ya sehemu moja ilikataa kuwaka. Novemba na Desemba mwaka huohuo stima ya taifa ikazima tena. Kama uwanja wa ndege wa kimataifa ulishindwa na jenereta, chumba chetu nyuma ya duka la vifaa vya mabomba kitaweza vipi?

MWENYE PLOTI: Ngojeni kwanza. Mimi nina nyumba Kihunguro, na sijali seva iko wapi. Ninachojua ni kwamba mpangaji hulipia maji saa kumi na mbili jioni, yakafunguka karibu saa moja, na wa kupigiwa simu za matusi ni mimi. Mkihamisha hii seva, hilo litaisha?

FUNDI WA MTANDAO: Hapana, mzee. Hilo halitaisha.

MWENYE PLOTI: Basi kwa nini mnaniita kwenye mkutano?

FUNDI WA MTANDAO: Mita inatumia betri iliyofungwa ndani, inayotakiwa kudumu miaka. Ili isimalize betri, hulala. Huamka kwa saa zake, ikatuma usomaji, ikasikiliza kidogo, ikalala tena. Amri ya kufungua valvu haiwezi kuiamsha, inaingoja mpaka iamke yenyewe. Iwe Ruiru iwe Ulaya, ni mamoja. Ukitaka ifunguke papo hapo, ama mita iwe inasikiliza wakati wote, na hapo inahitaji stima, ama iamke mara nyingi zaidi na betri ife mapema.

MSIMAMIZI WA MITA: Nashukuru umelisema wewe mwenyewe, maana kwenye vikaratasi vya mapendekezo yako halimo. Watu wataunga mkono uhamisho huu wakidhani maji yatafunguka haraka.

MHASIBU: Tuje kwenye pesa, kwa sababu mkutano huu ulianzia kwangu. Ada ya ile kampuni tunalipa kwa dola, kwa kila kifaa, kila mwezi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Mpangaji wa Makongeni hakuongezewa bei ya maji hata shilingi moja, lakini sisi gharama yetu ilipanda kila siku tuliyoamka. Hakuna bajeti inayopangika hivyo.

MSIMAMIZI WA MITA: Na katikati ya mwaka uleule dola ikarudi 130 hivi. Ulikuja kutuambia tumepata faida?

MHASIBU: Sikuja, kwa sababu hasara ya Januari ilikuwa imeshameza hiyo faida. Lakini nakubaliana nawe kwa jambo jingine, na fundi asinikasirikie. Amesema programu haina ada. Sawa. Seva moja, na nyingine ya akiba. Betri na kigeuzi cha umeme. Laini mbili za intaneti za kampuni mbili tofauti. Mahali penye kufuli na feni. Halafu mtu wa kuamka usiku, na mtu huyo akienda likizo, mtu wa pili. Programu ya bure ina mshahara, na mshahara huo haumo kwenye pendekezo.

FUNDI WA MTANDAO: Mshahara wangu mnaulipa tayari.

MHASIBU: Tunakulipa kwa mchana.

MWANDISHI: Hapa niliona ni vyema fundi aulizwe swali ambalo wengi walikuwa wanalizunguka: kuna mtu mwingine wa eneo hili aliyewahi kurudisha mfumo kutoka Ulaya, akafanikiwa?

FUNDI WA MTANDAO: Yupo, na mnamtumia kila siku. M-Pesa yenyewe. Kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Aprili 2015 Safaricom ikazihamishia Kenya, wikendi moja, na Jumatatu watu wakaamka wakatuma pesa. Kituo kimoja cha data cha Safaricom kiko hapa Thika. Pesa za nchi nzima zinapita kwenye kompyuta zetu za hapa, na sisi tunaambiwa lita za maji haziwezi.

MSIMAMIZI WA MITA: Unalinganisha ndovu na sungura. Safaricom walihama wakiwa na vituo zaidi ya kimoja, na wahandisi wa zamu ya usiku na mchana. Na hawakuandika programu ile wenyewe wala kuiokota bure. Walichobadilisha ni mahali, si nidhamu ya kazi. Wewe unataka kubadilisha vyote viwili kwa mpigo.

FUNDI WA MTANDAO: Kubadilisha mahali pekee pia kunawezekana. Nairobi kuna vituo vya data vya kukodisha. Tunaweka seva yetu huko, stima na ulinzi ni kazi yao, programu na funguo zinabaki zetu. Malango yetu yanatumia laini za simu za hapa nchini, na kampuni za hapa nchini zinabadilishana data Nairobi, kwenye KIXP, bila kuvuka bahari. Bahari ikikatika, mita haijui.

MWANDISHI: Vijana huenda hawakumbuki kwamba KIXP nayo ilipigwa vita. Ilifunguliwa mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya ikalalamika kuwa imeingiliwa kwenye ukiritimba wake wa kisheria, mdhibiti akaizima. Ilirudi Februari 2002. Kabla ya hapo, barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi iliweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Hoja ya "kwa nini yetu izungukie kwao" ina umri mkubwa kuliko mita hizi.

MKULIMA: Mimi nina vihisi vya unyevu wa udongo huku Gatuanyaga, na nimekaa kimya kwa sababu vyangu havina valvu. Vikinyamaza siku moja, mboga hazitakufa. Lakini kuna jambo nimelisoma likaninyima usingizi. Sigfox, kampuni ya Ufaransa ya mtandao wa vihisi kama hivi, ambayo Liquid Telecom iliileta hadi hapa Kenya, iliingia chini ya usimamizi wa mahakama Januari 2022. Aprili ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. Google nao walikuwa na huduma ya kusimamia vifaa kama hivi, wakaifunga tarehe 16 Agosti 2023. Google! Si kampuni ndogo ya watu watatu. Sasa mimi nikinunua kihisi cha kukaa ardhini miaka mingi, halafu mwenye mtambo aamue tu kwamba biashara haimlipi, kihisi changu kitakuwa nini? Kigingi.

MSIMAMIZI WA MITA: Google walitoa notisi ya mwaka mzima, baba. Fundi wetu mkataba wake unasema mwezi mmoja.

FUNDI WA MTANDAO: Hilo ni pigo la chini.

MSIMAMIZI WA MITA: Ni swali la kweli. Mkulima anaogopa kampuni ifungwe. Mimi naogopa upate kazi nzuri Westlands. Kati ya hayo mawili, lipi liko karibu zaidi kutokea?

MKULIMA: Yote mawili yananitisha, lakini kwa namna tofauti. Fundi akienda, seva inabaki, na programu yake maelfu ya watu duniani wanaijua, mwingine anaweza kuja akaendelea. Kampuni ikifungwa, kinachobaki ni nini? Nilimuuliza mwanangu anayesoma Juja, akaniambia: baba, inategemea funguo ziko kwa nani.

FUNDI WA MTANDAO: Mwanao ameenda kwenye mzizi. Kila mita imezaliwa na namba yake ya kutambulika na ufunguo wake wa siri wa biti 128. Ufunguo huo uko ndani ya mita na ndani ya seva. Mita ikiomba kujiunga, seva yenye ufunguo ndiyo pekee inayoweza kuijibu. Tulipoanza, tulichukua njia ya mkato. Mita zilikuja zimeshasajiliwa kwa ile kampuni ya Ulaya kutoka kiwandani. Tukapiga picha kibandiko, zikawaka, tukapiga makofi. Funguo hatujawahi kuziona.

MHASIBU: Kwa hiyo mita tulizonunua na kulipia hatuwezi kuzihamisha?

FUNDI WA MTANDAO: Tukipewa funguo, tunaweza tukiwa tumekaa hapa. Tukinyimwa, lazima mtu aende kwenye kila mita na kebo, ufunguo mpya uandikwe mmoja mmoja.

MSIMAMIZI WA MITA: "Mtu aende." Mtu huyo ni mimi na vijana wangu wawili. Mita nyingine ziko kwenye mashimo yenye maji. Nyingine ziko ndani ya nyumba ambazo mwenyewe anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi na kurudi saa nne usiku. Kule Membley lazima ubembeleze askari wa geti. Kimbo lazima ubembeleze mbwa. Fundi anachora mshale kwenye ubao kutoka kisanduku cha kushoto hadi cha kulia, na mshale huo ni miguu yangu.

FUNDI WA MTANDAO: Ndiyo maana sijasema tuhame siku moja. Malango yetu mengi yanaweza kutuma nakala ya kila ujumbe kwa seva mbili kwa wakati mmoja. Ya zamani inaendelea, mpya inasikiliza. Tunaanza na ploti moja. Tunaandika funguo zake kwenye seva mpya, tunazifuta kwenye ya zamani, mita zinajiunga upya, tunatazama wiki mbili, ndipo tunasogea ploti ya pili. Muhimu ni zisijulikane na zote mbili kwa pamoja, maana seva zote zikijibu, majibu yanagongana hewani na mita inabaki bila mwenyewe.

MSIMAMIZI WA MITA: Na zile ambazo hazijiungi upya? Unazijua. Kuna aina ya mita kwetu ambayo ikishajiunga na kupata kikao chake, haiombi tena mpaka iguswe kwa sumaku au izimwe na kuwashwa. Hiyo inaendelea kutuma usomaji kwa seva isiyoijua, kwa uaminifu kabisa, miezi na miezi.

FUNDI WA MTANDAO: Hizo zitahitaji miguu yako. Sitakudanganya.

MPANGAJI: Nimesubiri zamu yangu vizuri, sasa nisikilizwe. Mimi ni mpangaji, Makongeni. Mmezungumza kuhusu dola, nyaya na mbwa wa Kimbo. Hakuna aliyesema kwamba ile mita inajua saa ninayooga. Inajua siku ambazo sipo. Nikienda ushago wikendi, chati inalala. Nikipata mgeni, inapanda. Hiyo ni habari ya maisha yangu.

FUNDI WA MTANDAO: Ndiyo sababu nyingine ya kuileta nyumbani, dada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti kwa data ya mtu kupelekwa nje ya nchi. Ikikaa hapa, tunaepuka maswali hayo yote.

MPANGAJI: Nyumbani kwa nani? Ulaya hakuna anayenijua. Hakuna mtu huko atakayefungua chati aone kwamba nyumba namba fulani imekuwa kavu tangu Ijumaa, amwambie binamu yake. Seva ikikaa Ruiru, itakuwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao kijana ninayemjua, anayekunywa chai na mwenye nyumba wangu. Mnaniambia data yangu itakuwa salama kwa sababu imekaribia watu wanaonifahamu. Mimi naona kinyume.

MWENYE PLOTI: Mama, hakuna anayetaka kujua unaoga saa ngapi.

MPANGAJI: Leo. Na tukikosana kuhusu kodi, mzee? Valvu hiyo inafungwa kwa kubonyeza. Sasa hivi ukitaka kunifungia maji bila sababu ya malipo ya maji, lazima upitie fomu, na rekodi inabaki kwenye mtambo ambao huwezi kuufuta. Katiba, kifungu cha 43, inasema nina haki ya maji safi ya kutosha. Haisemi "kama kodi imeingia kabla ya tarehe tano."

MWENYE PLOTI: Na mimi kisima nilikichimba kwa mkopo. Kampuni ya maji ikipunguza mgao, ni kisima hicho kinachowanywesha. Sijawahi kumfungia mtu maji kwa sababu ya kodi.

MPANGAJI: Sijasema umewahi. Nasema nani ataona ukifanya hivyo.

MHASIBU: Mpangaji amegusa jambo ambalo kwenye hesabu zangu halina safu. Kama tunakuwa wenye seva, tunakuwa pia wenye kuwajibika. Leo data ikivuja, tunaweza kunyoosha kidole. Kesho barua ya Kamishna wa Data itakuja na jina letu juu.

FUNDI WA MTANDAO: Hata leo itakuja na jina letu. Kisheria wateja ni wetu, na kampuni ya Ulaya inachakata data kwa niaba yetu. Kidole unachotaka kunyoosha hakipo. Na rekodi ya nani alifunga valvu ipi inaweza kuandikwa kwetu pia, ikapelekwa nakala mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kuifuta.

MPANGAJI: "Inaweza." Iko kwenye pendekezo?

FUNDI WA MTANDAO: Nitaiweka.

MSIMAMIZI WA MITA: Wakati unaiweka, weka na hili. Tuseme seva yako imekufa. Diski imeungua. Unachukua bekapu ya jana, unairudisha kwenye mashine ya akiba. Unajisifu. Nini kinatokea kwa mita?

FUNDI WA MTANDAO: Zinaendelea kutuma. Kila ujumbe una namba ya mfululizo, na namba ya mita iko mbele ya ile ambayo seva inaikumbuka, kwa hiyo seva inaipokea.

MSIMAMIZI WA MITA: Huo ni upande wa kutuma. Maliza upande wa pili.

FUNDI WA MTANDAO: Upande wa pili... amri za seva nazo zina namba zake. Bekapu ya jana inaanza na namba za jana. Mita imeshapokea zilizo juu ya hapo, kwa hiyo inaziona amri mpya kama za mtu anayerudia ujumbe wa zamani ili kuidanganya. Inazikataa.

MSIMAMIZI WA MITA: Waelezee wasio mafundi.

FUNDI WA MTANDAO: Usomaji unafika, skrini ni ya kijani, malipo yanaingia, na valvu haifunguki.

MWENYE PLOTI: Yaani mtu amelipa, nyinyi mnaona kila kitu ni sawa, na maji hakuna?

MSIMAMIZI WA MITA: Ndicho ninachosema, mzee. Hitilafu ya kutisha si ile inayozima taa zote. Ni ile ambayo ofisini hakuna anayeiona, ila mama wa ghorofa ya tatu tu. Na dawa yake ni mita zijiunge upya. Zikijiunga zote pamoja, lango linabanwa: kwenye masafa makuu ya megahezi 868 tunayotumia, linaruhusiwa kusema asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa nzima. Jibu moja kwa mita iliyo mbali linaweza kula zaidi ya sekunde moja. Piga hesabu na ploti zote za Makongeni.

FUNDI WA MTANDAO: Kuna masafa ya pili yanayoruhusu asilimia 10. Na tatizo la bekapu linatibika: unaiandikia hifadhidata nakala papo kwa papo kwenye mashine ya pili, si mara moja kwa siku. Unaweza pia kuzirusha mbele namba za amri kwa makusudi baada ya kurudisha. Hata kwenye matoleo ya zamani ya ChirpStack, ambapo kikao cha kila kifaa kilikaa ndani ya Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, waliokuwa makini waliiamuru iandike diskini wakaokoka stima ilipokatika.

MSIMAMIZI WA MITA: Waliokuwa makini. Ile kampuni ya Ulaya inalipwa kuwa makini.

MKULIMA: Na ikifungwa, umakini wake unakwenda nayo. Naomba msinigeuze kuwa mtu wa fundi, lakini mbona mnapima hatari za kwetu kwa siku mbaya kabisa, na za kwao kwa siku ya kawaida? Mtandao wa jumuiya wa LoRaWAN, The Things Network, ulianza Amsterdam 2015. Walipotoa toleo la tatu, toleo la pili wakalizima Desemba 2021, na kila mtu aliyekuwa humo akalazimika kuhamisha vifaa vyake, apende asipende. Kwa hiyo kuhama kupo. Mnaweza kuchagua tu kama mtahama kwa ratiba yenu au ya mwingine.

MHASIBU: Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza leo iliyonifanya nifungue kalamu. Lakini haijanipa jibu, imenipa swali. Kwa nini tusibaki tulipo, ila tudai funguo? Tuziweke kwenye sanduku. Siku wakifunga, tunazo.

FUNDI WA MTANDAO: Funguo ulizozifungia sandukuni bila mtu aliyewahi kuzitumia hazikusaidii siku ya moto. Utakuwa na karatasi, na hakuna hata mmoja kati yetu atakayekuwa amewahi kuinua seva, kurudisha bekapu, kuona mita ikikataa amri.

MSIMAMIZI WA MITA: Na hapo, kwa mara ya kwanza, nakubaliana na wewe nusu. Jifunzeni. Chukueni vihisi vya matangi na vya mkulima, ambavyo vikinyamaza hakuna anayekosa kuoga. Kaeni navyo mwaka mzima. Mpitie msimu wa mvua, mpitie stima kuzima, mpitie fundi kwenda likizo. Valvu za watu msiziguse.

FUNDI WA MTANDAO: Mwaka mzima tukilipa dola kwa kila valvu.

MSIMAMIZI WA MITA: Ndiyo. Hiyo ndiyo karo.

MPANGAJI: Mimi nitakubali seva iwe popote, hata juu ya paa la mzee, kwa masharti mawili. Chati yangu ya kila saa asione mwenye nyumba, aone jumla ya mwezi peke yake. Na valvu yangu ikifungwa na mkono wa mtu, si na salio kuisha, nipate ujumbe kwenye simu unaosema ni nani na kwa nini, kabla maji hayajakatika.

MWENYE PLOTI: Na mimi nikitaka kujua kama bomba linavuja usiku? Jumla ya mwezi haiwezi kuniambia. Nchi hii zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa yanapotea au hayalipiwi. Mita za kila saa nilizinunua kwa sababu hiyo. Nikizuiwa kuona, nilinunua nini?

FUNDI WA MTANDAO: Mfumo unaweza kukuonyesha kuvuja bila kukuonyesha kuoga. Maji yakitembea mfululizo usiku mzima bila kusimama, unapata onyo. Vinginevyo huoni kitu.

MWENYE PLOTI: Na nani anaamua "mfululizo" ni dakika ngapi?

FUNDI WA MTANDAO: Sasa hivi wanaamua wao, Ulaya. Hatuwezi kubadilisha.

MPANGAJI: Na ikiwa kwetu, utaamua wewe peke yako?

FUNDI WA MTANDAO: Sitaki kuamua peke yangu.

MHASIBU: Nimeandika haya. Kwanza, barua inaondoka wiki hii kuidai kampuni funguo za mita zote, kwa maandishi. Wakikataa, mkutano unaofuata utakuwa mfupi sana. Pili, vihisi vya matangi na vya shamba vinahamia seva ya majaribio, Nairobi, si nyuma ya duka. Tatu, kuhusu valvu sijaandika kitu, kwa sababu hamjakubaliana.

MSIMAMIZI WA MITA: Na hatutakubaliana leo.

FUNDI WA MTANDAO: Ningeomba ploti moja tu ya valvu. Moja. Bila hiyo, mwaka wa majaribio utatufundisha kila kitu isipokuwa kile tunachokiogopa.

MWENYE PLOTI: Ploti ya nani?

FUNDI WA MTANDAO: Nilikuwa nataka kukuomba yako, mzee.

MWENYE PLOTI: Nilijua tangu mwanzo kuna sababu ya kuniita. Haya, nikikubali, miezi hiyo ya kujaribu usomaji utakuwa kwenye seva mbili, sivyo?

FUNDI WA MTANDAO: Mpya itakuwa inafungua valvu. Pembeni yake mtu wa mita atasoma kwa macho, tulinganishe kila mwisho wa mwezi.

MHASIBU: Na hesabu mbili zisipolingana, nitume bili ipi?

MPANGAJI: Ndogo.